Narae Anakula kwa Saa

Soko letu la Jecheon huamka kwa harufu. Ya kwanza ni ufuta unaokaangwa. Hiyo ni yangu. Jina langu ni Cha In-hye, mkamua mafuta, na kwa miaka kumi na miwili sijawahi kuchelewa kufungua duka. Ya pili ni kitunguu saumu na mchuzi wa soya. Hiyo ni ya jirani yangu, Mama Narae.

Mama Narae anauza vitoweo. Meza yake ina sinia thelathini. Kuna spinachi, figili, dagaa wa kukaanga na sukari, mayai yaliyopikwa kwenye soya, na kimchi, kabichi yetu ya chumvi na pilipili. Anajua kupika, na anajua kwamba anajua.

"Umekula?" humuuliza kila anayepita.

"Nimekula, dada," mimi humjibu.

"Mwongo wewe! Umekonda kama kijiti cha kulia. Shika hii."

Ndivyo tulivyo hapa. Tunasalimiana kwa kupimana miili. Huyu kanenepa, yule kakonda, na sote tunadhani hayo ni mapenzi.

Binti yake, Narae, ana miaka ishirini. Mwaka jana alianza chuo cha uuguzi. Alisoma muhula mmoja, akaacha.

"Kichwa kinaniuma," aliwaambia wazazi wake.

Basi akarudi kumsaidia mama yake dukani. Wateja walipomuuliza kama amekula, alijibu kwamba amekula. Lakini mimi nina macho. Kutwa nzima nilimwona na kiazi kitamu kimoja tu.

Kila alasiri Mama Narae huenda stesheni kupokea mboga za wakulima. Narae hubaki dukani peke yake. Ni katika saa hizo ndipo sinia zilipoanza kupungua.

"In-hye, tuna mwizi," Mama Narae aliniambia siku moja. "Juzi kachukua dagaa wote. Jana kachukua mayai, na wali wetu wa jioni pia. Mwizi gani huyu anaacha pesa anachukua spinachi?"

Niligeukia ufuta wangu. Nilikuwa namfahamu mwizi huyo. Zamani aliwahi kuishi ndani yangu.

Alikamatwa siku ya mvua. Mama Narae aliwahi kurudi, akamkuta binti yake amechuchumaa nyuma ya friji. Alikuwa anafakamia chakula kwa mikono miwili, haraka haraka, bila hata kuonja, na machozi yakimtoka. Alipomwona mama yake alikimbilia chooni, akajifungia. Mama Narae alisimama nje ya mlango, akasikia mwanawe akitapika.

Mtu mwingine angeita daktari. Mama Narae alinunua kufuli. Alifunga friji zote mbili za kimchi, akatia funguo kifuani. Halafu akampigia simu wifi yake, Shangazi Deok-hui.

Shangazi huyu ni dada mkubwa wa Baba Narae. Ana miaka hamsini na saba. Ni mwembamba, ni nadhifu, na mdomo wake ni wembe. Alikuja siku ileile na boksi la dawa za mitishamba za kupunguza mwili.

"Huu ni uroho tu," alisema, na Narae yupo palepale. "Anywe hii asubuhi na jioni. Na chakula cha jioni msimpe. Njaa itamtia adabu."

"Wifi, huyu si mtoto mdogo."

"Ndiyo maana! Nani atamwoa? Mimi kiuno changu ni hikihiki tangu siku ya harusi yangu. Uliza nimewezaje."

Hakuna aliyemuuliza.

Narae akanywa dawa, akalala na njaa. Je, alipona? Alizidi. Friji zilipofungwa alinunua mikate na keki za mchele mtaa wa pili, akazificha chini ya kitanda. Kumnyima chakula mtu mwenye ugonjwa huu ni kumwagia moto mafuta, na mafuta mimi nayajua.

Wiki ya tatu alikuja dukani kwangu kuchukua chupa ya mafuta. Akashika ukuta. Akakaa juu ya gunia la ufuta.

"Dada In-hye, dunia inazunguka."

Nilimpa chai ya shayiri ya moto. Nilifunga pazia la duka, nikakaa mbele yake.

"Unajinyima, halafu unafakamia, halafu unatapika," nilimwambia.

Alitaka kuondoka. "Nani kakwambia? Mama?"

"Hakuna aliyeniambia. Niliishi hivyo miaka sita."

"Wewe? Wewe unayekula wali bakuli mbili mbele ya watu?"

"Mimi huyuhuyu. Kaa."

Alikaa. Alizungusha kikombe mikononi.

"Mimi ni mroho tu, dada. Sina msimamo. Kila asubuhi naapa, kila jioni navunja kiapo."

"Jana asubuhi ulikula nini?"

"Kiazi."

"Mchana?"

"Nilikuwa nimeshakula kiazi."

"Na alasiri ukafakamia."

"Ndiyo."

"Sasa niambie, kilichotangulia ni uroho au njaa?"

Aliacha kuzungusha kikombe. Swali hilo hakuwahi kuulizwa na mtu yeyote.

"Mwili ukinyimwa, hudai," nilimwambia. "Hudai kwa nguvu, na hudai vyote kwa mkupuo. Halafu unaona aibu, unatapika, unaapa kujinyima zaidi. Kesho unadaiwa tena. Huo ni mduara, Narae. Ni ugonjwa wa ulaji. Una jina, una tiba, na wako waliopona. Mmoja wao amekupa chai."

Ndipo alipolia. Nilimwacha alie. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na yeye alikuwa ameficha miaka miwili.

Jioni tulikwenda pamoja kuwaambia wazazi wake. Baba Narae ni fundi wa reli, mtu wa maneno machache. Alisikiliza akitazama mikono yake. Mama Narae yeye hakusikiliza kimya.

"Mimi nalisha soko zima!" alisema. "Watu wanatoka mbali kuja kula vitoweo vyangu. Halafu mwanangu mwenyewe aumwe ugonjwa wa kula? Watasemaje?"

"Waache waseme, dada. Kwanza tumpeleke kwa daktari."

"Halafu?"

"Halafu kuna kijitabu hiki cha kujitibu. Kinafuatwa hatua kwa hatua, na mimi nitakuwa namwongoza."

"Kitabu! Mtoto ananifia, jirani ananiletea kitabu!"

"Kimeniponya mimi, Mama Narae."

Alinigeukia. Hakujua. Nilikuwa nimemficha hata yeye, ukuta kwa ukuta, miaka yote hiyo.

"Haya," alisema polepole. "Kesho daktari."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa wengi hukosea. Kijitabu hakitangulii mbele ya daktari. Kutapika mara kwa mara kunaupotezea mwili chumvi zinazoendesha moyo. Mtu anaweza kuonekana mzima na moyo wake uko hatarini. Daktari alimpima Narae damu na moyo. Alikuta chumvi moja imepungua, akamtibu, na wiki iliyofuata akampima tena.

"Sasa anaweza kuanza kujitibu nyumbani," daktari alisema. "Zile dawa za mitishamba za kupunguza mwili ziacheni leo. Aje nimpime kila baada ya wiki mbili. Akizimia, akitapika damu, moyo ukienda mbio ovyo, akikonda sana, au akisema hataki kuishi, msingoje siku ya miadi. Mleteni saa hiyohiyo."

Mimi si daktari. Nimefundishwa kituo cha afya cha mji kuwaongoza wagonjwa wa aina hii, na huwa pale alasiri mbili kila wiki. Lakini Narae hakutaka kuonekana kituoni. Basi tulipanga kuonana kila Jumanne, nusu saa, katikati ya magunia yangu ya ufuta.

"Kwa hiyo wewe ndiye utakayenitibu," alisema Jumanne ya kwanza.

"La. Utajitibu mwenyewe. Mimi nitashika taa."

"Mimi nimeshashindwa, dada."

"Umeshindwa kujinyima. Kujilisha hujajaribu."

Kazi ya kwanza ilikuwa kuandika. Kila akila, aandike palepale. Saa ngapi, nini, wapi, na moyo ulikuwaje. Akifakamia aandike. Akitapika aandike. Asifiche, asijitukane.

"Nani atasoma?"

"Wewe. Na mimi ukipenda."

"Na Mama?"

"Mama yako asome orodha ya bei za kabichi."

Alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza dukani kwangu.

Baada ya wiki moja ya kuandika, Narae mwenyewe aliona. Alikuja na daftari wazi, kidole juu ya mstari.

"Tazama, dada. Siku zote nilizofakamia, asubuhi na mchana sikula. Siku zote! Na ile Jumapili niliyokula supu na Baba, sikufakamia."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Hakuna. Nimeyaona hapa."

Nilijivuna siku ile utadhani nimezaa. Mwalimu anaweza kusema mpaka koo likauke. Lakini mtu akiona kwa mwandiko wake mwenyewe, hakuna wa kumdanganya tena.

Kazi ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Kula kwa saa. Saa moja asubuhi, chai na chakula kamili. Saa nne, kitu kidogo. Saa saba, chakula cha mchana. Saa kumi, kitu kidogo. Saa moja jioni, chakula cha jioni. Awe na hamu au asiwe nayo. Aliyefakamia jana asijilipize leo kwa kufunga.

"Mara tano!" Narae alishika kichwa. "Nitafura!"

"Sitakudanganya. Mwili unaweza kubadilika kidogo, halafu hutulia. Lakini mizani utapanda mara moja tu kwa wiki."

"Mimi napanda mara kumi kwa siku."

"Najua. Mpe baba yako aiweke."

Baba Narae aliiweka mizani kwenye sanduku lake la vifaa vya reli. Na mtu huyu wa maneno machache ndiye aliyeielewa ratiba kuliko sisi sote. Aliichora kwa rula kwenye karatasi ngumu, akaibandika ukutani, juu ya meza ya kulia.

"Hii nimeielewa," alisema. "Hii ni ratiba ya treni."

Mama Narae yeye alipata kazi tatu. Kufungua kufuli. Kuandaa meza kwa saa na kula pamoja na mwanawe. Na kutosema neno lolote kuhusu mwili wa mtu.

"Neno lolote?" aliniuliza. "Hata nikiona kapendeza?"

"Hata hilo. Msifie kazi yake. Msifie akili yake. Mwili uache."

"Sasa mezani tutaongea nini?"

"Mvua. Bei ya pilipili. Jirani yako mkamua mafuta."

"Hayo ya jirani nitayapata mengi," alisema, akaenda zake kufungua kufuli.

Siku za mwanzo alijiuma ulimi mpaka nikamwonea huruma. Mteja alipomwambia Narae, "We binti umejaa mashavu," Mama Narae alidakia, "Na figili zangu zimejaa pia, chukua mbili!" Mteja akachukua mbili.

Kazi ya tatu ilikuwa orodha. Narae aliandika mambo ya kufanya hamu ya kufakamia inapomshika. Kutembea mpaka daraja la stesheni. Kumpigia rafiki yake wa chuo. Kuosha sinia kwa maji ya moto. Kuja kwangu kuchekecha ufuta.

"Hamu ni mgeni asiyealikwa," nilimwambia. "Akibisha muda mrefu bila kufunguliwa, huondoka. Mpe nusu saa."

Alinichekechea ufuta mwingi sana mwezi ule. Sijawahi kuwa na ufuta safi namna ile.

Wiki ya kwanza ya ratiba alifakamia mara nne. Ya pili mara mbili. Ya nne hakufakamia kabisa. Daktari alimpima, akasema chumvi za mwili ziko sawa.

Wiki ya tano Shangazi Deok-hui akaja kusalimia. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Alimkuta Narae anakula tufaha na maziwa ya soya saa kumi.

"Ehe! Mnamlisha tena? Uso umekuwa mwezi mpevu!"

Nyani haoni kundule. Aliondoka na mkoba wake mzuri, akatuachia moto. Narae hakula chakula cha jioni. Kesho yake hakula asubuhi. Alasiri alifakamia, akatapika.

Alikuja kwangu na kijitabu mkononi, tayari kukichana.

"Basi, dada. Nimeharibu kila kitu. Wiki tano zimekwenda na maji."

Kabla sijasema, pazia likafunguliwa. Baba yake alikuwa amemfuata, na nguo zake za kazi zina grisi.

"Narae. Treni ya asubuhi ikikosekana, ya mchana inafutwa?"

"Hapana, Baba."

"Tunafanya nini?"

"Baba, mimi si treni."

"Najua. Treni haijibishani. Nakuuliza tunafanya nini."

"...Ya mchana inaondoka kwa saa yake."

"Saa moja jioni kuna supu ya soya," alisema, akaondoka.

Nilimwambia Narae aandike yote yaliyotokea, mstari kwa mstari. Aliandika. Akaona palipovunjika. Hapakuvunjika alipofakamia. Palivunjika alipokosa chakula cha jioni kwa sababu ya neno moja.

"Kumbe nilipokosea ni hapa," alisema.

"Kuteleza si kuanguka. Sasa unajua jiwe liko wapi."

Saa moja jioni alikula supu. Mama yake aliniambia alikula polepole, akitazama ratiba ukutani, lakini alikula. Kwangu mimi ushindi mkubwa ni ule. Siku nzuri kila mtu huziweza.

Wiki zilizofuata alianza kurudisha vyakula alivyoviogopa, kimoja kimoja, kwa saa yake, mezani na wenzake. Wali mweupe. Keki ya mchele. Kuku wa kukaanga, siku ya kuzaliwa ya baba yake. Kila kimoja alikiandika.

Mwishoni mwa Novemba ilifika siku ya kuandaa kimchi ya majira ya baridi. Kabichi mia moja na ishirini zilikuwa zimelala kwenye maji ya chumvi usiku kucha. Tulikuwa wanawake tisa nyuma ya nyumba ya Mama Narae, tumevaa glavu nyekundu za mpira, tumezunguka meza ya pilipili. Shangazi Deok-hui alikuwepo, glavu zake safi kuliko za wote.

Kwetu siku hiyo hakuna anayekaa mpaka kabichi ziishe. Anayekaa mapema huchekwa mpaka mwaka ujao.

Saa nne kamili Narae alivua glavu. Akanawa mikono. Akavuta kiti, akakaa, akafungua kikopo chake. Ndani kulikuwa na yai la kuchemsha na vipande vya wali uliovingirishwa kwa mwani.

Mikono ya wanawake ikapunguza mwendo.

"Mama yangu!" alisema Shangazi. "Kazi imeanza sasa hivi, na mdomo umeshaanza! Mama Narae, ndivyo ulivyomlea?"

Nilimwona Mama Narae akishusha kabichi. Uso ulimwiva kuliko pilipili. Alifungua mdomo. Lakini Narae alimtangulia.

"Ndiyo saa yangu ya kula, Shangazi," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka. "Nilikuwa naumwa. Nilikuwa najinyima chakula, kisha nafakamia, kisha natapika. Ndicho kilichonitoa chuoni. Kichwa kilikuwa kizima. Sasa najitibu. Dawa yangu ni kula kwa saa. Nikimaliza nitavaa glavu, na kabichi zangu zitakuwa nyingi kuliko zako."

Maji yalikuwa yanadondoka kwenye bomba.

Mama Narae alivua glavu zake. Mwanamke huyu aliyeogopa soko litasema nini alivuta kiti, akakaa karibu na mwanawe, mbele ya mawifi, binamu na majirani.

"Huyu ni binti yangu," alisema. "Ameshinda kitu ambacho mimi nilikifungia kufuli kwa ujinga wangu. Mwenye kumcheka aanze na mimi. Narae, nipe kipande kimoja cha wali."

"Hiki ni cha kwangu, Mama. Cha kwako kiko jikoni."

Wanawake walipasuka kwa kicheko. Shangazi hakucheka. Alirudi kwenye kabichi yake, akapaka pilipili jani lilelile mara tatu.

Saa saba kabichi zilikuwa zimekwisha. Nyama ya nguruwe ya kuchemsha ililetwa mezani inafuka moshi. Mama Narae alichukua jani changa la kabichi mbichi ya pilipili, akakunja ndani yake kipande cha nyama chenye mafuta, akanyoosha mkono mpaka mdomoni mwa Narae, kama tunavyolishana sote siku hiyo. Halafu mkono ukasimama hewani.

"Unataka?" aliuliza. Sijawahi kumsikia akimuuliza mtu swali hilo.

Narae alikitazama kipande kile. Nyama yenye mafuta ilikuwa ya mwisho kwenye orodha ya vyakula alivyoviogopa.

"Nataka," alisema. Alikichukua kwa mkono wake mwenyewe, akala polepole, akatoa daftari mfukoni, akaandika.

Baada ya chakula nilikwenda bombani na ndoo. Nilimkuta Shangazi Deok-hui nyuma ya mitungi ya kimchi, na Narae amesimama mbele yake. Macho ya Shangazi yalikuwa mekundu. Nilitaka kurudi nyuma.

"Baki, Dada In-hye," alisema Narae. "Shangazi ana swali."

Shangazi alikunja na kukunjua kitambaa chake.

"Hicho kijitabu," alisema. "Ni cha wasichana tu?"

"Kwa nini, Shangazi?"

"Nauliza tu. Kina mwisho wa umri?"

Narae hakucheka, na hakusema yale ambayo mimi ningeyasema, maana ulimi wangu nami naufahamu.

"Tangu lini, Shangazi?" aliuliza taratibu.

"Tangu mwaka niliposhonewa nguo ya harusi. Mwaka wa thelathini huu." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Mnasema kiuno, kiuno. Hakuna aliyewahi kuniuliza nimewezaje."

Miaka thelathini! Mwanamke yule alikuwa amekula na kutapika miaka thelathini, na bila shaka zile dawa alizotuletea ni zilezile alizokuwa akizinywa mwenyewe. Hasira yangu yote juu yake ilinyauka palepale.

"Jumatatu tunakwenda kwa daktari," Narae alisema. "Kwanza damu na moyo. Mimi nitakusindikiza. Baada ya hapo tutakaa kila wiki, pamoja na Dada In-hye, mpaka uweze. Mwezi wa tatu narudi chuoni, lakini Jumamosi nitakuwa nakuja."

"Mimi siwezi, mwanangu. Nimezoea."

"Leo hufanyi kitu. Leo unaandika tu." Alichana karatasi katikati ya daftari lake, akampa na kalamu. "Saa. Chakula. Mahali. Moyo."

Shangazi aliweka karatasi juu ya mfuniko wa mtungi. Aliandika kwa mwandiko mzuri wa watu wa zamani: *Saa saba. Wali, kabichi, nyama vipande vitatu. Nyumbani kwa mdogo wangu, watu tisa.* Kisha kalamu ikasimama.

"Hapa kwenye moyo niandike nini?"

"Ukweli."

Aliandika neno moja, *Naogopa*, akamrudishia karatasi kama mwanafunzi anayengoja kusahihishwa. Narae aliisoma. Hakusahihisha kitu. Aliikunja vizuri, akaitia kwenye mfuko wa koti la shangazi yake.

"Hata mimi niliandika hivyo siku ya kwanza," alisema, akamshika mkono. "Twende ndani, Shangazi. Kuna vyombo vya kuosha, na leo hakuna anayekaa chooni peke yake."

Mimi nilibaki bombani na ndoo yangu, maji yamejaa yanamwagika miguuni. Nimewaongoza watu kumi na wanne kwa kijitabu kile. Narae ndiye wa kwanza kumwongoza mwingine kabla hajamaliza kurasa zake.